Kaburi Limechimbwa, Mwenyewe Anakunywa Uji

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Leo Baba amekuwa marehemu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Saa sita nzima! Na muda wote huo alikuwa hapa nyumbani Yamumbi, kibarazani, blanketi miguuni, akinywa uji na kulalamika kwamba hauna ndimu ya kutosha.

Ni Tyson, huyu ndugu yangu. Akiwa huko Nairobi ameweka picha ya Baba kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo — ile ya siku aliyostaafu benki, suti ya kijivu, tai nyekundu — na chini yake mshumaa. Basi. Hakuna neno hata moja. Baba amepatwa na kiharusi Jumatatu, ukoo mzima unajua, halafu unaweka mshumaa? Nani hapa Kenya huwekewa mshumaa akiwa hai? Nilipompigia alikuwa analia. "Aki Linah, mimi nilidhani mshumaa ni maombi tu." Mtu wa miaka thelathini na tatu!

Tulitoka hospitali jana. Mdomo umerudi mahali pake, mkono wa kulia bado mzito. Mimi ni nesi, najua kiharusi cha kwanza mara nyingi huja kupiga hodi tu. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Mama Leonida, jirani, alikuja akipiga nduru tangu getini, leso kiunoni. Akamkuta marehemu ameshika kikombe. Alikaa chini pu! Baba akamwambia achukue kiti, nyasi imelowa.

Nimeandika kwenye grupu kwamba Mzee yuko hai. Watu mia moja na tatu wameona. Baba mdogo Wanyama, mdogo wake Baba wa pekee, hajaona. Simu yake imezimwa tangu asubuhi.

Jumapili, 6 Aprili

Baba ametaka nimsomee rambirambi zake. Nikakataa. Akasema ni zake, zimeandikwa kwa jina lake, na yeye hajapewa.

Nikasoma. "Mzee Jeconia Wabuge aliingia benki mwaka 1978." Akanikatiza: sabini na sita, rekebisha. Nikarekebisha kweli, kwa kalamu! "Alikuwa meneja mkali." Akasema hakuwa mkali, alikuwa makini. Mkulima mmoja wa Moiben ameandika kwamba siku ya kwanza kwenda benki mkono ulimtetemeka, watu nyuma yake kwenye foleni wakaanza kuguna. Baba, wakati huo karani wa kaunta, akamsukumia kipande cha karatasi. "Jaribu hapa kwanza, mzee. Hakuna haraka." Akajaribu mara saba mpaka mkono ukatulia. Sahihi aliyoipata siku hiyo ndiyo anayoitumia hadi leo.

Baba hakurekebisha kitu hapo. Alitazama bustani.

Na mimi nikakumbuka yangu, ambayo hayamo kwenye simu ya mtu. Jumamosi jioni viatu vyetu vyote vimepangwa kwenye gazeti, yeye na brashi, shati amelikunja mikono. Rumba ya redioni, akicheza na Mama jikoni vibaya kabisa, akihesabu hatua kwa sauti. Mama alipougua alimwogesha mwenyewe miezi minane, na wanaume wa ukoo wakasema maneno. Hakuwajibu. Nampenda huyu mzee jamani. Nampenda mpaka naogopa.

Saa kumi simu ikalia. Baba mdogo Wanyama.

Akaniambia hiyo mambo ya mshumaa imewaletea shida kule kwetu Kimilili, kwenye boma la babu. "Sisi tulishachimba."

Kuchimba nini?

"Kaburi, Linah. Kwani kingine ni nini?"

Jana, tangu saa nne asubuhi. Vijana wanane na sururu. Ardhi ya kule ni mawe na mvua iko karibu, kwa hivyo hawakungoja. Kufikia saa kumi jioni walikuwa wamemaliza. Futi sita.

Sijamwambia Baba. Kwetu kaburi halichimbwi bure. Likishafunguliwa lazima limeze. Hata mwili ukikosekana — mtu amechukuliwa na mto, au mahakama imezuia — wazee huzika shina la mgomba mahali pake. Shimo tupu halifukiwi hivi hivi. Wanasema litajitafutia mtu. Mimi ni mtu wa kanisa na wa sindano, siamini mambo hayo. Lakini chai yangu imepoa hapa mezani na sijainywa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwambia. Alicheka kwanza, akasema angalau safari hii Wanyama amefanya kazi kwa wakati. Halafu kicheko kikaisha. Akauliza, "Wamechimba wapi?"

Kando ya babu, nikamjibu. Pale alipoonyeshwa zamani kwamba ni pake.

Na hapo ndipo penyewe. Baba anataka kulala hapa Yamumbi, nyuma ya ua wa kayaba, ubavuni mwa Mama. Mama alipofariki mwaka wa 2019 ukoo ulikuja na lori kumchukua. Mke wa Wabuge hawezi kulala mjini kama mtu asiye na kwao! Baba alisimama getini na koti lake la mvua. Akasema Rosebella wake alimwambia azikwe hapa, basi ni hapa. Lori likarudi tupu. Tangu siku hiyo kila jioni hupeleka kiti huko nyuma, akakaa naye nusu saa. Humsimulia bei ya mahindi.

Leo ndiyo nimekumbuka Baba mdogo alivyosema akipanda lile lori. Nilikuwa karibu. "Huyu umetushinda naye. Wewe hutatushinda."

Sasa, mtu huona picha saa mbili, na saa nne vijana wako shimoni? Bila kupiga simu hata moja? Huyo si mtu aliyeshtuka. Huyo ni mtu aliyekuwa akingoja.

Wazee wa huko wanasema dawa iko: Baba atoe shati alilovaa, lenye jasho lake, waufunge mgomba nalo, wazike, yaishe. Baba amekataa katakata. "Nikitoa shati nimekubali hilo shimo ni langu. Leo mgomba, kesho mimi." Anasema wafukie na udongo, basi. Baba mdogo anasema kule hakuna mkono utakaoinua jembe kufukia shimo tupu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Tangu jana haijapumua.

Baba mdogo amepiga kusema ndama wa jirani ametumbukia kaburini. Amekufa. Wamemtoa. Nikasema basi limemeza, si lifukiwe? Akajibu: "Huyo hakuwa ameitwa."

Nikatupa simu kwenye kochi. Kasirani ya mchana kutwa! Nikamwuliza Baba huyu mtu ana nini na sisi.

Akanisimulia, na hajawahi kunisimulia. Mwaka 1984 alimwingiza Wanyama benki kama tarishi. Kijana mwepesi, anapendwa. Siku moja ikaletwa barua ya kumtambulisha mtu anayetaka kufungua akaunti, imewekwa sahihi ya J. N. Wabuge. Herufi zote ziko. Hata ule mkia ambao Baba huuvuta chini ya jina. Lakini Baba hakuwa ameiandika. Wanyama alitaka tu kumsaidia rafiki, hakuna kilichoibiwa. Baba akapeleka ile barua kwa meneja mwenyewe, kwa mikono yake. Wanyama akafutwa kazi siku hiyo hiyo, akarudi nyumbani na sare yake kwenye mfuko wa karatasi.

"Ungemwonya tu," nikasema.

Akasema sahihi ni uso wa mtu akiwa hayupo. Ukimwachia mwingine auvae mara moja, utamtambuaje tena? Lakini alisema polepole, hana ule uhakika wa zamani. Halafu akaongeza: "Alikuwa na miaka ishirini na moja."

Jumamosi, 12 Aprili

Wakili Awuor amekuja. Ni binti wa mtu aliyefanya kazi na Baba benki, humwita "Mzee wangu". Ameandika barua moja safi: mimi Jeconia Nyongesa Wabuge, mwenye akili timamu, natamka kwamba nizikwe Yamumbi kando ya mke wangu. Aya tatu. Akasema Mzee hata hivyo hana haraka, lakini tusicheze na watu wanaoshika sururu kwanza na simu baadaye.

Baba akashika kalamu.

Sikujua macho yangu niyapeleke wapi. J ikaanguka. W ikatoka kama mtoto wa nasari. Mkia haukutokea kabisa. Aliitazama ile karatasi kama alivyokuwa akitazama za wengine kule kaunta, miwani puani. Akasema, "Hii ningeirudisha."

Awuor akampa pole, akafungua kidau cha wino. Kidole gumba kinatosha kisheria, Mzee, mbele ya mashahidi wawili.

Hapana! Akarudisha mkono nyuma. Miaka ya themanini ililetwa karatasi benki, ina alama ya kidole cha mzee mmoja. Alama nzuri, kamili. Kumbe mzee mwenyewe alikuwa mochari siku tatu. "Kidole hata maiti huwekewa. Wanyama atasema hivyo, na mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo." Anataka sahihi yake. Ile ile. Wanyama anaijua kuliko mtu yeyote duniani.

Awuor ametuachia karatasi. Atarudi Jumatano.

Jumapili, 13 Aprili

Hakwenda kanisani. Amejaza kurasa kumi na moja za daftari. J. J. J. J. Nimempelekea chai mara mbili na ameniambia nisisimame nyuma yake. Mvua bado.

Jumatano, 16 Aprili

Awuor alikuja, akangoja saa nzima, akaondoka. Baba amemwomba mpaka Jumamosi. Mkono utatulia tu, hakuna haraka. Mimi nimehesabu madaftari: mawili yamekwisha. Sahihi ya leo ni mbaya kuliko ya Jumapili, na mimi nesi najua maana yake. Nimemwambia twende tukapimwe tena. Amesema Jumanne, baada ya Pasaka.

Tyson amefika kutoka Nairobi. Amepiga magoti mbele ya Baba kwa ajili ya mshumaa. Baba amempa mkono wa kushoto na kumwuliza kama amekula.

Jioni nilimkuta Baba ameshika ripoti yangu ya shule, ya kidato cha pili. Sijui aliitunza wapi miaka yote hii! Nilifeli hesabu mwaka ule, nikaogopa, nikaiga sahihi yake na kuiweka mwenyewe. Nilifanya mazoezi usiku mmoja tu. Mwalimu hakugundua. Baba aligundua kwa kutazama mara moja, na hakunichapa. Hakunisemesha siku tisa. Siku ya kumi akaniomba nimpitishie chumvi, nikalia mezani mbele ya wageni.

Leo aliitazama sana ile ripoti. Akasema, "Ulikuwa na mkono mzuri." Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Sijui kwa nini maneno hayo yamenitisha kuliko ndama.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Shati la buluu halipo. Lile alilovaa jana. Nimetafuta kwenye kamba, kwenye ndoo, chini ya kitanda. Tyson naye hayupo, aliondoka alfajiri kwenda kuwasalimia watu wa Kimilili.

Nikampigia. Kwanza akanipa salamu za Kimilili. Halafu akatema yote. Alitaka kumaliza mambo aliyoyaanza. Baba mdogo alimwambia ni shati tu, mgomba utazikwa leo, shimo litafungwa, Baba apone. "Si ni mila tu, Linah? Mzee hangejua."

Tyson! Ule mshumaa ulikuwa ujinga. Hili sasa je? Ningekuwa karibu ningemzaba kofi, Mungu anisamehe na siku yenyewe ni hii.

Saa tisa akapiga Baba mdogo mwenyewe. Sauti ya upole, na hiyo ndiyo mbaya. Akasema shati limefika. Mgomba hawajazika. Wazee wamekaa, wameona kwamba mtu akishatuma shati lake kwa mkono wa mwanawe ameliitikia kaburi. Mgomba wa nini tena? Mwenyewe aje, asimame ukingoni, aombewe. Wanakuja kesho na gari, asubuhi.

"Na baada ya kuombewa?"

"Atakaa nasi. Si ni kwao?"

Nimempigia Awuor. Atakuja kesho saa tatu, pamoja na Mama Leonida kama shahidi. Nimemwambia Baba kila kitu, hata la shati. Hakukasirika. Ameniomba nimpeleke kwa Mama. Tulisimama na mwavuli nyuma ya kayaba, miguu ikizama. Hakumsimulia bei ya mahindi leo. Alimwambia tu, kwa lugha ya nyumbani, kwamba anakuja, asubiri kidogo.

Jumamosi, 19 Aprili

Saa moja na nusu. Ameamka, suti ya kijivu, tai nyekundu. Nilimfunga mimi. Suti imekuwa kubwa. Nikaona picha ya Tyson, mshumaa tu ndio uliokosekana.

Saa mbili na robo. Kikombe kimeanguka. Mdomo umeenda kushoto tena. Nimepiga simu ya ambulensi — dakika arobaini, barabara ya huku imeharibika kwa mvua. Arobaini! Teksi hakuna, watu wote wamesafiri Pasaka. Nimemlaza kwenye kochi, kichwa juu, nimemfungua kola. Dawa sithubutu kumpa kwa mdomo. Sina la kufanya ila kuhesabu mapigo, na kuandika hapa kati ya hesabu moja na nyingine, mkono usitetemeke. Akili bado anayo. Amenielekeza kwa jicho: barua. Ile ya Awuor, juu ya meza.

Saa mbili na nusu. Honi getini. Si ambulensi. Ni gari la Baba mdogo, nimemwona dirishani, ameshuka na wazee wawili. Amevaa koti la mvua kama lile la Baba. Awuor ananiambia kwenye simu yuko njiani, tope, dakika ishirini.

Hilo gari, Mungu wangu, ndilo gari pekee kwenye barabara hii. Nikifungua geti, Baba anaweza kufika hospitali sasa hivi. Nikifungua geti, gari lile linaweza kukata kushoto, likashika njia ya Kimilili. Nimemwambia Baba nafungua. Lazima. Ameshika mkono wangu kwa ule wake wa kushoto, na una nguvu sijui ametoa wapi.

Amesema neno moja, halijatoka vizuri, lakini ni "kwanza". Ametoa ripoti yangu kwenye mfuko wa suti. Ameiweka juu ya barua. Halafu kalamu, ameniwekea mimi mkononi.

Nikasema Baba, hapana. Wewe? Wewe uliyemfukuzisha kazi ndugu yako kwa hili? Machozi yanamtoka jicho moja tu, hajaondoa macho kwangu.

Honi tena. "Linah! Fungua, tumelowa!" Baba mdogo ataitazama hii barua kabla hajaketi. Yeye ndiye mtu wa pili duniani anayejua mkono huu. Mimi ndiye wa tatu.

Baba amegonga daftari hili kwa kidole. Hili ninaloandika. Amegonga tena. "Ja... ribu," amesema. Nimeelewa. Hapa kwanza. Hakuna haraka.

J. N. Wabuge

J. N. Wabuge

Ametikisa kichwa. Mkia haujakaa.

J. N. Wab